Dakika za Mwenda kwa Miguu

Mpangaji miji wa Ulaya au Marekani huanza kazi yake kwa kujiuliza namna ya kumtoa mtu garini. Kwake kutembea ni tabia iliyopotea, na barabara njema ni ile itakayoirudisha. Swali hilo likibebwa zima zima na kushushwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kazi inaharibika kabla haijaanza. Mpango mkuu wa Nairobi uliokamilishwa mwaka 2014 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, ulikuta kwamba takriban safari nne katika kila kumi jijini humo ni za miguu mwanzo hadi mwisho. Abiria wa matatu na daladala naye ni mtembeaji, kwa kuwa hutoka nyumbani hadi kituoni kwa miguu, na akishuka hufika anakokwenda kwa miguu vilevile. Wenye magari yao binafsi ni wachache, ingawa ukizitazama barabara zetu kuu utadhani mji mzima ni wao.

Basi huku kwetu watu hawana haja ya kushawishiwa watembee. Wanatembea. Kinachohitaji kuchambuliwa ni kile ambacho barabara inamfanyia mtu huyo, na kama atabaki na sababu yoyote ya kutembea siku atakapopata nauli, pikipiki au gari lake mwenyewe. Naamini kwamba hapo ndipo afya ya miji yetu itakapoamuliwa, kuliko katika kampeni yoyote ya mazoezi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kila wiki, na kutembea kwa hatua za haraka kunahesabika. Kibarua anayetoka Kibera kwenda Eneo la Viwanda la Nairobi na kurudi huzimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Moyo wake, misuli yake na sukari ya damu yake hupata kila asubuhi kile ambacho daktari humshauri mgonjwa wa presha aliyezoea kukaa ofisini. Lakini njiani mwili huohuo huvuta moshi wa malori, huruka mtaro ulio wazi, hubanwa kati ya ukuta na basi, kisha husubiri upenyo wa kuvuka mbio mbele ya magari yasiyo na nia ya kusimama. Mazoezi anayapata, ila kwa bei ambayo mtu mwenye hiari asingekubali kuilipa.

Ndiyo maana kipato kikiongezeka kidogo tu, moja ya vitu vya kwanza ambavyo mtu hununua ni kuacha kutembea. Anapanda bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, mwendo ambao kwa miguu ungemchukua dakika kumi na tano. Wengi humwita mvivu. Mimi naona amepiga hesabu sahihi: njia haina taa, haina ubao wa kuvukia mtaro, na amebeba mkoba wenye simu na kompyuta. Hesabu hiyo ikifanywa na mamilioni ya watu kwa miaka ishirini, mji unakuwa umebadilisha mwili wake bila kikao chochote kuamua. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo kliniki zetu za mijini zinahangaika navyo sasa, vina vyanzo vingi, chakula kikiwamo. Kupungua kwa mwendo ni kimoja kati ya hivyo, na ndicho ambacho mhandisi wa barabara anaweza kukigusa kwa mkono wake.

Kuna pia hatari ya haraka zaidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nchini Kenya wanaokufa barabarani wamezidi 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu. Mzazi anayemkataza mtoto kwenda shule kwa miguu, au anayemlipia nafasi kwenye basi la shule kwa pesa ambayo ilikuwa ya chakula, anazijua takwimu hizo hata kama hajazisoma popote.

Ukitaka kujua kama barabara inamtaka mwenda kwa miguu, anza na mwendo wa magari. Mambo mengine yote, kuanzia miti hadi madawati ya kukalia, huja baadaye. Wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kufa ni takriban mara nne na nusu ya ule wa kilomita 50. Sheria za Tanzania na Kenya zinaweka kikomo cha kilomita 50 mijini, na mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 kujadili usalama barabarani walikubaliana kuwa pale magari yanapochangamana na waenda kwa miguu na baiskeli, kikomo kiwe 30.

Sheria hizo ni njema, lakini dereva hasomi sheria akiwa njiani. Anaisoma barabara. Ukimpa lami iliyonyooka, yenye njia za upana wa mita tatu na nusu, kona zilizopindwa kwa ulaini ili lori lisipunguze kasi, na ukingo usio na kitu, ujumbe anaoupata ni kwamba hapa panakimbiwa. Bango la 50 lililosimama kando halina nguvu ya kubishana na lami. Njia ya mita tatu inatosha kabisa kwa barabara ya mjini, na nusu mita inayobaki kila upande ikihamishiwa kwa watembeaji, dereva atapunguza mwendo bila kuonywa na mtembeaji atapata mahali pa kukanyaga. Kona ikikazwa kwa kupunguza mviringo wake, gari linalazimika kugeuka polepole na umbali wa kuvuka unakuwa mfupi. Hakuna teknolojia ngumu hapa. Ni maamuzi ya karatasini, kabla ya saruji kumwagwa.

Matuta yetu nayo yanastahili kusemwa. Dar es Salaam ina matuta ya kila aina, mengine yakiwa yamewekwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na kilio cha madereva wa magari ya wagonjwa kuhusu matuta makali ni cha haki. Dawa yake ni kivuko kilichoinuliwa: zebra yenyewe inapandishwa hadi usawa wa njia ya miguu, ikiwa pana na yenye mteremko wa taratibu kila upande. Gari linapanda polepole bila kuvunjika springi, na mtu, hata wa kiti cha magurudumu, anavuka bila kushuka wala kupanda. Kwa namna hiyo ni gari linaloingia katika eneo la watu, wala mtu haingii katika eneo la magari.

Kwamba kazi ndogo za aina hii zinaokoa maisha kumethibitishwa Dar es Salaam kwenyewe. Amend, shirika la usalama barabarani, lilianza mwaka 2012 kuzikagua njia za watoto wanaokwenda shule za msingi zilizo kwenye hatari kubwa, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine likahamisha lango la shule kutoka barabara kuu hadi mtaa wa nyuma. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zile ambazo bado, ulionyesha majeruhi wamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI, ukiishinda miradi mikubwa ya mabara mengine. Lango la shule kuhamishwa! Gharama yake ni tofali, mlango wa chuma na mkuu wa shule anayesikiliza. Napenda mfano huu kuliko mwingine wowote katika suala zima, kwa sababu unavunja kile kisingizio kwamba usalama wa mtembeaji unangoja nchi itajirike.

Pale ambapo mambo yameharibika zaidi ni kwenye barabara kubwa zinazokata mji. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilipunguza sana muda wa wenye magari kuingia Nairobi. Kwa watu wa Githurai, Roysambu au Kasarani, iliweka mto wa magari katikati ya mitaa ambayo zamani ilikuwa ikivukwa kwa hatua chache. Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu yalijengwa, na tangu hapo mjadala wa kila mwaka ni uleule: kwa nini watu wanavuka chini ilhali daraja lipo? Polisi hukamata, redio hulaumu, na neno linalotumika ni ukaidi.

Lipime jambo hilo kwa dakika za anayetembea. Ameshuka kwenye matatu mahali ambapo matatu imesimama, na mara nyingi si chini ya daraja. Anatakiwa arudi nyuma mita mia mbili, apande ngazi au mteremko mrefu wa kujikunja, avuke juu, ateremke, kisha arudi mita mia mbili nyingine kufika pale alipokuwa akipaona tangu mwanzo. Ni dakika saba au nane, na huenda ana gunia la sukuma wiki kichwani, mimba ya miezi minane, au goti linalouma. Usiku daraja lina giza na anajua kinachoweza kumpata juu huko. Anayevuka chini kwa sekunde kumi na tano amechagua hatari, ndiyo, lakini aliyeipanga hatari hiyo ni mchoraji aliyeuona muda wa gari kuwa na thamani na wa mtu kuwa bure. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili tangu enzi ya daraja la Manzese, maarufu kiasi cha kituo kuitwa Darajani, ambalo wengi walilipita chini yake kwa miguu.

Daraja lina mahali pake. Kwenye barabara ya kasi isiyo na makutano, hakuna njia nyingine, na hapo sharti ni kwamba kituo cha basi kiwe chini yake hasa, kuwe na taa, kuwe na mteremko ambao mzee anaumudu. Lakini barabara ya mjini inayopita katikati ya masoko, shule na zahanati haikupaswa kuwa ya namna hiyo tangu mwanzo. Inahitaji taa za kuvukia, kisiwa cha kupumzikia katikati ili mtu avuke nusu kwanza kisha nusu ya pili, na vivuko vilivyo karibu karibu. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kutoa huduma Dar es Salaam mwaka 2016, wa takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ulilifanya jambo hili vizuri kuliko barabara nyingi za ukanda wetu. Abiria wengi hukifikia kituo kilicho katikati ya barabara kwa kuvuka chini, na pembeni kuna njia za miguu na za baiskeli. Jiji lilipopewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, likiwa la kwanza Afrika, sehemu ya sifa ilikuwa hiyo.

Njia ya miguu yenyewe, ile ya vitofali ambavyo Nairobi huitwa kabro, inaonekana jambo dogo mpaka utembee na mtu asiyeona au mwenye kusukuma mtoto kwenye kigari. Kila lango la nyumba au kituo cha mafuta hukata njia na kuishusha chini, kisha inapanda tena, na kwa mita mia moja mtu ameshuka na kupanda mara sita. Nguzo ya umeme imesimama katikati. Kifuniko cha mtaro kimeibwa kwa ajili ya chuma chakavu, ambalo ni tatizo la kweli na lina jibu la kweli: vifuniko vya zege. Gari limeegeshwa kwa sababu hakuna aliyeweka nguzo fupi za kulizuia. Kanuni nzuri ni kwamba njia ya miguu iendelee katika usawa mmoja, na magari yanayoingia langoni ndiyo yapande na kushuka. Ikiwa upana ulio wazi, usio na kitu chochote, haufiki mita mbili penye watu wengi, watu wataitumia lami na hakuna wa kuwalaumu.

Kivuli ni suala la afya pia, na katika mwambao ni la kwanza. Saa saba mchana Januari, mtaa usio na mti Dar es Salaam au Mombasa hautembeleki na mtu yeyote mwenye njia nyingine. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu walilijua hilo: vichochoro vyembamba kati ya nyumba ndefu hukaa kivulini karibu siku nzima, upepo wa bahari ukipita, na baraza za mawe ziko pale za kukalia. Lamu hadi leo ni mji wa miguu na punda. Sitaki kuifanya miji hiyo kuwa paradiso, kwani ina shida zake za maji taka na bodaboda zimeifikia nayo. Nataka tu tukumbuke kwamba wahandisi wetu hawana haja ya kwenda Copenhagen kuona mtaa unaomfaa mtembeaji, kwa maana wa kwanza kuujenga katika pwani hii walikuwa watu wa hapa. Nyumba za maduka za Kariakoo na katikati ya Mombasa zenye upenu juu ya njia ya miguu zilikuwa zikiendeleza busara hiyo, na majengo ya vioo yanayozibomoa hayaweki chochote mahali pake.

Miti nayo hukatwa kila barabara inapopanuliwa, halafu hupandwa miche ya maua. Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mti mmoja wa mugumo wa miaka mingi ulioko Waiyaki Way uliokolewa Novemba 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupaza sauti. Ilikuwa siku njema. Lakini mji ambao mti wake mmoja unahitaji amri ya rais haujaandika popote kwamba kivuli ni sehemu ya barabara, kama ilivyo lami na mtaro. Barabara hiyo ya juu ilifunguliwa mwaka 2022 kwa wenye magari wanaolipa. Chini yake, kando ya Barabara ya Mombasa, waenda kwa miguu walipoteza kwa muda mrefu hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Kisha kuna wafanyabiashara. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na mbele ya maduka, na wengi walishangilia kwamba sasa njia ziko wazi. Mimi ni mtembeaji na najua adha ya kupita Kariakoo katikati ya meza za viatu. Bado naona tuliuliza swali nusu. Mwanamke anayerudi nyumbani saa mbili usiku huchagua mtaa wenye mama lishe, muuza chipsi na kibanda cha vocha, kwa sababu kuna taa na kuna macho. Mtaa uliofagiwa ukabaki na kuta tupu anaukimbia, na akiukimbia anapanda bodaboda. Mfanyabiashara anafuata watembeaji. Alipo yeye ndipo walipo wao. Mchoro wa barabara ya mjini katika nchi zetu unaomwacha nje haujakamilika. Njia ya mita tano ina nafasi ya ukanda wa mita mbili na nusu wa kupita na ukanda mwingine, upande wa lami, wa miti, meza na vibanda vilivyopimwa. Nairobi ilionyesha mfano katika Luthuli Avenue mwaka 2019: mtaa uliokuwa umesongwa na magari ulifanywa wa mwelekeo mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, na maduka ya vifaa vya umeme yakabaki na wateja wake.

Faida ya mtaa tulivu inavuka mazoezi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana karibu kwa kila kitu isipokuwa wingi wa magari. Wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki watatu kwa wastani mtaani mwao. Wale wa mtaa wenye magari mengi hawakufika hata mmoja. Aliyekulia uswahilini hahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo. Mzee anayeketi barazani jioni, akasalimiwa na kusimama kuzungumza, anatunzwa na mtaa kwa namna ambayo hospitali haiwezi. Appleyard mwenyewe aliuawa na gari lililokuwa likienda kasi, Athens, mwaka 1982.

Baiskeli nimeiacha hadi hapa kwa sababu hali yake ni ngumu zaidi. Shinyanga, Tabora na Kisumu ni miji ambayo vizazi vilikwenda kazini, sokoni na hospitali kwa baiskeli, na teksi za baiskeli zilikuwa ajira ya maelfu kabla pikipiki za bei nafuu hazijaingia. Dar es Salaam na Nairobi baiskeli ilisukumwa nje mapema, kwanza na hofu, halafu na dharau, ikahesabiwa kuwa chombo cha muuza mkaa na muuza samaki. Hofu ndiyo mzizi. Dharau hufuata kitu ambacho watu wenye uwezo wamekiacha, nao walikiacha kwa kuogopa kufa.

Kuchora mstari mweupe hakuondoi hofu hiyo. Njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro zipo, na ni bodaboda, magari yaliyoegeshwa na bidhaa zinazozitumia zaidi, kisha kwenye makutano, pale ambapo mwendesha baiskeli anahitaji ulinzi kuliko kwingine kote, mpangilio unamtupa katikati ya magari. Njia inayofaa hutenganishwa na magari kwa ukingo wa zege, ina nguzo za kuzuia bodaboda kuingia, na kwenye makutano ina zamu yake ya kupita. Zaidi ya yote, lazima iunganike. Sevilla, mji wa Hispania uliokuwa na waendesha baiskeli wachache mno, ulijenga kwa mkupuo mtandao wa kilomita 80 hivi miaka ya 2006 na 2007, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa katika muda mfupi. Kilomita mbili nzuri hapa na tatu pale hazimfikishi mtu popote, na baada ya miaka miwili diwani atasimama kusema kwamba njia zilijengwa na watu hawakuzitumia.

Uholanzi inayosifiwa leo haikuzaliwa ikiwa hivyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zake, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi waliojaa hasira waliingia mitaani kudai mauaji ya watoto yakome. Bajeti na michoro ilibadilika baada ya madai hayo. Kwetu vyama vya waendesha baiskeli, kama UWABA wa Dar es Salaam na wale wanaoendesha pamoja kila mwezi Nairobi, vimekuwa vikipaza sauti kwa miaka. Kigali ilikwenda kwa njia ya serikali: tangu mwaka 2016 barabara kuu hufungwa kwa magari Jumapili fulani za mwezi, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli, na hapohapo wakapimwa presha na sukari bure. Siku hiyo ina thamani kubwa kwa sababu inamwonyesha mkazi mji ambao hajawahi kuuona. Jumatatu, magari yakisharudi, ndiyo kipimo chake.

Hakuna mchoro wa barabara utakaofuta umbali. Mji unaotambaa hadi kilomita thelathini kutoka katikati, ukigawa viwanja bila kuacha mahali pa soko, shule wala zahanati, umeshaamua kwamba watu wake watapanda magari. Vilevile taasisi na makazi ya kisasa yanayojifunga kwa ukuta wa kilomita nzima bila kichochoro: jirani wa mita mia tatu anakuwa wa dakika ishirini na tano. Hati ya kuidhinisha ramani ya viwanja ingeweza kudai njia ya miguu ya wazi kila baada ya mita mia kadhaa. Ni sharti jepesi mno, na likikosekana siku ya kwanza ni vigumu kulipata tena, maana ukuta ukishajengwa haubomolewi.

Fedha na mamlaka ndipo mipango hii hufia. Jiji la Nairobi lilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa njia za miguu na baiskeli. Ni moja ya sera bora barani, na barabara nyingi za jiji bado hazijaiona. Sababu moja ni kwamba zile zinazoua zaidi haziko chini ya jiji. Ziko kwa mamlaka za kitaifa, ambazo kazi yao iliyoandikwa ni kusafirisha magari kutoka mkoa hadi mkoa. Tanzania ni hivyohivyo: mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, lakini barabara za Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa, ambazo kandokando yake wanaishi na kufanya biashara mamia ya maelfu ya watu, ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu za taifa. Barabara kuu ikishaingia mjini inabadilika kuwa mtaa, na viwango vya kuijenga vingepaswa kubadilika pale pale kwenye mpaka wa jiji.

Sababu nyingine imejificha ndani ya hesabu inayofanywa kabla ya mkopo kuidhinishwa. Watu hukaa kando ya barabara na kuhesabu magari kwa aina zake, kisha manufaa ya mradi yanapigwa zaidi kwa muda utakaookolewa na walio ndani ya magari na kwa mafuta na matairi yatakayopona. Mtembeaji anayesubiri dakika tatu zaidi ili avuke, au anayezungushwa dakika nane na daraja, haingii upande wa hasara. Kwa hesabu hiyo kila upanuzi utaonekana una faida, hata ukiwa umewatesa wengi kuwahudumia wachache. Kwa hiyo dai la kwanza ambalo madiwani, wabunge na wakazi wangelipeleka mezani kwenye mradi unaofuata ni hili: wahesabiwe wanaotembea na wanaovuka, kwa saa na kwa mahali, wakiwamo watoto na wenye mizigo, dakika zao zipewe bei ileile ya dakika za mwenye gari, na mradi utakaowaongezea dakika nyingi kuliko unazowaokolea wenye magari urudishwe kwa mchoraji.